Kyoto leo, na yule mama wa mgahawani

Ndiyo kwanza nimerudi hotelini, miguu inawaka moto!

Leo nilikuwa Fushimi Inari, hekalu la Kishinto hapa Kyoto, Japani, lenye yale malango mekundu kwa maelfu yanayopanda mlimani. Kutoka stesheni ya Kyoto ni kituo cha pili tu kwa treni ya JR (shirika la reli la Japani). Kuingia ni bure. Vibao vya stesheni vina Kiingereza, kwa hiyo njiani sikupata taabu yoyote.

Kazi ilikuwa chakula.

Mgahawa mdogo, menyu yote Kijapani. Nikamuuliza mama mwenye mgahawa kwa Kiingereza kama wanatia nguruwe. Kimya. Nikaandika kwenye simu, programu ikatafsiri.

Akafuta mikono, akatoka jikoni, akanipeleka hadi nje kwenye kabati la kioo lenye sampuli za vyakula, za plastiki. Akaanza bakuli moja moja. Lenye nguruwe, anakunja mikono msalaba kifuani. Lisilo nayo, anaitikia kwa kichwa na kutabasamu.

Wateja ndani wanangoja, na yeye hana haraka kabisa. Hadi sasa nasikia faraja moyoni.

Nikala udon (tambi nene za ngano) yenye tofu ya kukaanga, ile ya soya. Tamu mno!

Kesho Osaka, inshallah. Mliowahi kufika, niambieni: nile wapi, na Kiingereza huko kinasaidia?