Wafumi tuliowaficha

Wazee wetu wa Tanga wakisimulia ukoo huanzia Moshi: jengo la ghorofa moja lenye mwaka uliochongwa juu ya mlango, majora ya nguo yaliyofika darini, na lile shimo la kufichia rupia, sarafu za enzi za Wajerumani, chini ya ghala ambalo ami zangu wawili waliwahi kununiana kwa ajili yake. Ya kabla ya hapo hayasemwi. Kwamba baba yake babu, tunayemwita Babu Mkubwa, alikuwa mfumi wa nguo Mogadishu, mimi nililipata kwa marehemu bibi, na alinisimulia kwa sauti ya chini utadhani ni aibu. Ndiyo sababu nikafunga safari ya Moshi.

Ya njiani sina mengi zaidi ya bei. Kondakta alinidai elfu tano kwa kifurushi nilichokipakata mwenyewe mapajani. Tuliposimama kula, sahani ya wali na paja la kuku lililokauka iliuzwa kwa pesa ambayo Ngamiani, kwetu Tanga, ingeshibisha watu wawili. Lakini kila kibao cha mji nilikisoma, kwa kuwa njia ile ndiyo aliyopita yeye. Reli ya Wajerumani ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe 1902, Mombo 1905, na kufikia 1911 ikawa imeingia Moshi. Palipokuwa na vibarua wa reli palikuwa na wachuuzi wa kaniki na merikani, ile shiti ya pamba ya Marekani, na Babu Mkubwa alisogea nao, kituo kwa kituo, mpaka reli ilipokoma chini ya mlima.

Merikani ndiyo inayoniumiza kichwa. Mogadishu ilijulikana kwa nguo tangu zama za kale. Msafiri Ibn Battuta alipita huko mwaka 1331 akaandika kwamba nguo zake hazina mfano na zinapelekwa mpaka Misri. Kisha ikaja hiyo merikani, shiti ya viwanda vya Massachusetts, hasa baada ya mkataba wa Sultani Said wa Zanzibar na Wamarekani wa 1833, na baadaye nguo za viwanda vya Bombay. Bei yake mfumi wa mkono angeshindana nayo vipi? Hawakwisha wote, ila riziki ilibana, na wa kwetu akaja Mrima, pwani hii yetu, kuuza kitambaa kilekile kilichomwondoa kwenye kazi yake.

Moshi nililala gesti iliyonitoza kama vile nimekuja kupanda Kilimanjaro, na maji ya moto hayakuwepo. Asubuhi nikalitafuta jengo. Siku hizi chini ni maduka ya simu, na ule mwaka juu ya mlango umefunikwa na bango. Barazani alikuwapo mzee mmoja na cherehani yake ya miguu, wateja wakimwita meku, yaani mzee kwa Kichaga.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Unapunguza gauni?"

Nikamwambia mimi ni wa nani. Akasimamisha pedali, akanitazama usoni kwa muda, akamtuma kijana alete kiti.

Alishuka kutoka Kibosho akiwa mvulana, miaka ya hamsini, kujifunza ushonaji kwenye baraza hiyohiyo. Duka lilikuwa la babu yangu, na Babu Mkubwa alikuwa hai bado, mkongwe, macho yameingia ukungu. Robota la nguo lilipofunguliwa aliletewa yeye kwanza. Aliuchomoa uzi mmoja pembeni, akausokota kwa vidole, kisha akailoweka ncha ya kitambaa kwenye bakuli la maji na kuifikicha. Nguo iliyojazwa wanga ili ionekane nzito ililegea papo hapo, na robota zima likarudishwa kwa aliyelileta.

"Wachaga tulikuwa na hela za kahawa," mzee akasema, "lakini hatukuwa wajinga. Msimu ukifika, mtu anashuka toka Marangu, anayapita maduka yote, anakuja hapa. Nguo ya hapa ilikuwa haikudanganyi."

Nikamuuliza shimo la rupia. Akacheka mpaka akafuta machozi.

"Rupia gani? Lile lilikuwa shimo la kukalia! Alikuwa anaingiza miguu humo, nyuzi za mtande amezivuta mbele yake, anafuma. Jioni, duka likishafungwa. Mwanaye hakupenda wateja wamwone."

Nilishindwa kusema kitu. Bibi alikuwa amenieleza hivyohivyo jinsi wafumi wa Mogadishu wanavyokaa, miguu shimoni. Mzee wa watu, mwenye duka lililojaa nguo za viwanda vya ng'ambo, alikuwa bado anafuma ya kwake, na sisi wajukuu tukageuza shimo lake kuwa hazina ya fedha!

Ghalani nilitaka kuingia. Mpangaji akataka elfu kumi kwanza; nikampa. Sakafu ni vigae vitupu.

Jengo lilituponyoka Aprili 1971, serikali ilipotaifisha nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuzikabidhi kwa Msajili wa Majumba. Babu akarudi Tanga, na nyumbani kwetu jengo hilo linaliliwa mpaka leo. Ninaelewa kwa nini. Lakini utajiri ule ulitoka kwenye vidole vilivyojua uzi, na vidole hivyo hakuna anayevililia.

Niliporudi nikampigia ami mkubwa. Aliuliza kwanza kuhusu fedha. Nilipomweleza akanyamaza, kisha akasema mambo ya mashimo na nyuzi niyaache, watoto watachekwa. Nimekataa. Shajara ya ukoo ninaiandika mimi, na pale kwenye jina la Babu Mkubwa palipoandikwa "tajiri wa Moshi" nimeongeza kazi yake mbele: mfumi, kisha muuza nguo. Ami akitaka kulifuta, aje alifute mbele yangu.