Rubondo na shemeji wa Nyeri

Shemeji yangu amekulia Nyeri, na huko kwao kuvua ni kusimama kwenye maji ya baridi yanayokufika magotini, unarusha uzi wenye mdudu bandia wa manyoya mpaka samaki aina ya trauti aingie mkenge. Alipokuja Mwanza kututembelea aliteremka na fimbo yake ya kuvulia kwenye mfuko mrefu, na hata chai hajamaliza, akauliza mto uko wapi. Nikamwambia mito achana nayo, Ijumaa tunakwenda Rubondo, kisiwa cha Ziwa Victoria.

Tuliondoka alfajiri. Zamani safari hii ilianza na adha ya Kigongo: foleni ya magari, kivuko kiko ng'ambo Busisi, wauza karanga na mayai ya kuchemsha wanakugongea kioo. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025, kilomita kama 3 za maji unazivuka kabla wimbo redioni haujaisha. Mayai yale tu ndiyo yamenikaa moyoni. Sengerema, Geita, kisha tukakunja kwenda Nkome, tukanunua sato wa jioni, ndimu na pilipili, tukapanda boti.

Rubondo ni hifadhi ya taifa tangu 1977. Uvuvi wa biashara hauruhusiwi ndani ya mipaka yake, ila mgeni mwenye kibali anaweza kuvua kwa ndoano. Tulipiga hema Kageye, chini ya miti mikubwa. Shemeji akavua viatu, akakunja suruali, akaelekea majini na fimbo yake.

"Shemeji," nahodha wetu akamwita. Aliposikia mimi namwita hivyo, naye akalichukua. "Huku hatuingii majini. Kuna mamba."

Akarudi. Viatu akavivaa palepale, bila kukaa.

Kesho yake asubuhi ziwa lilikuwa shwari, upepo bado haujaamka. Sangara huvuliwa kwa kuburuta: boti inakwenda polepole kando ya miamba, nyuma unaning'iniza chambo bandia chenye umbo la samaki mdogo, kinazama mita kadhaa na kutikisika kama furu, kisamaki cha ziwa hili, aliyejeruhiwa. Sangara hujificha kwenye mawe na huwinda kwa macho. Shemeji aliomba kwanza ajaribu wadudu wake wa manyoya. Nahodha akawatazama wale wadudu kwenye kiganja, wazuri kweli, wamefungwa kwa uzi mwekundu, akasema, "Wape dagaa."

Wa kwanza alikuwa mdogo, hakufika sentimita 50 ambazo sheria ya uvuvi inataka, tukamrudisha. Baadaye fimbo ya shemeji ikapinda hadi ncha ikagusa maji. Rili ikalia. Sangara mkubwa hakimbii mbali sana. Anazama kwenye mawe akate uzi, na akishindwa anaruka juu, mdomo wazi, akitikisa kichwa ili ndoano itoke. Huyu aliruka mara mbili. Shemeji alikuwa anaongea Kikuyu peke yake. Alipofikishwa ubavuni nahodha alivaa glavu, akamshika mdomo wa chini, akatuonyesha: meno ni madogo, yanakwaruza kama msasa tu. Cha kuogopwa ni kifuniko cha shavu, ukingo wake unachana vidole na uzi pia. Jicho lilikuwa na mng'ao wa dhahabu. Picha moja, akaachiwa, akatia mkia akapotea.

Mchana tukiwa kivulini tulibishana. Shemeji alisema sangara ni mvamizi aliyemaliza furu, na ni kweli: aliletwa ziwani miaka ya 1950, na aina nyingi za furu hazionekani tena. Nikamkumbusha kuwa na trauti wake walipelekwa Kenya na Waingereza mwaka 1905. Kisha kisiwa chenyewe kina wageni: tembo na twiga wamepandikizwa, na sokwe waliachiwa hapa kati ya 1966 na 1969, wakitoka Ulaya walikokuwa wakifugwa, kwa juhudi za Bernhard Grzimek, mtaalamu wa wanyama Mjerumani. Wenyeji ni nzohe, swala wa kwenye maji, viboko na mamba. Mimi siwezi kumchukia sangara. Amesomesha watoto wengi wa kanda hii, na viwanda vya minofu vimelisha mji wetu kwa miaka. Furu nitawasikitikia, lakini sangara naye sasa ana miaka zaidi ya 60 hapa.

Usiku kiboko alikuja kula majani karibu na hema, tukamsikia akitafuna. Shemeji aliniuliza kwa kunong'ona kama hema lina kufuli.

Jumapili tuliporudi Nkome tulimkuta mchuuzi anapima mabondo ya sangara, yaani vile vibofu vya hewa vya tumboni, yaliyokaushwa yakawa ya manjano. Shemeji akauliza bei ya kilo, akatajiwa malaki ya shilingi; mzigo huo unasafirishwa hadi China. Akanyamaza, akamgeukia nahodha.

"Yule tuliyemwachia jana, bondo lake lingekuwa na uzito gani?"

"Shemeji," nahodha akasema, "panda gari."

Alipanda. Mpaka Sengerema alikuwa bado anapiga hesabu kwenye simu.