Kazi yangu ni kutafuta palipolowa: siku moja Fukushima Daiichi

Saa nane na dakika arobaini usiku simu inatetemeka chini ya mto. Naizima haraka, maana mke wangu ametoka zamu ya usiku jana na hana uvumilivu na kengele za watu wengine. Saa ya ukutani imeandika 2:40. Miaka yote niliyokaa Japani bado kuna jambo moja la kipuuzi linalonifurahisha: kati ya huku na Tanga kuna tofauti ya saa sita kamili, kwa hiyo namba ninayoiona kwenye saa ya Kijapani ndiyo saa ya Kiswahili kwetu. Huku 2:40, Tanga ni saa mbili na dakika arobaini, watu ndiyo kwanza wanapakua chakula. Bi Mkubwa, mama yangu, ameshaswali Isha na ameshanitumia ujumbe wa sauti. Siusikilizi. Najua anachouliza.

Ni Agosti. Majira ya joto tunaanza usiku kwa sababu huku kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja jioni kazi za nje husimamishwa, joto lisije likaangusha watu. Hiace ya kampuni inanipitia saa tisa na kitu. Ndiyo, Hiace hizi hizi ambazo zikifika kwetu zinapakwa mstari ubavuni na kuwa daladala. Tunatoka Iwaki, tunashika barabara namba 6 kwenda kaskazini, watu wanane kimya, wengine wanakoroma. Ukikaribia Okuma, mji ulipo mtambo wa nyuklia wa Fukushima Daiichi, taa za nyumba zinapungua, halafu zinakuwepo taa za barabarani tu.

Watu wa mtambo hawasemi Fukushima Daiichi, wanasema Ichi-efu. Getini ni kadi, kidole, kadi tena. Unachukua kipimo cha mionzi unakitia mfuko wa kifuani, barakoa, soksi mbili mbili, glavu, kofia ngumu, kizibao chenye mifuko ya barafu. Halafu kikao cha kutaja hatari za siku: kila mtu aseme moja. Mimi husema "kuteleza". Nimeisema mara nyingi hadi kiongozi wetu wa kikosi, mzee tunayemwita Hancho, akinifikia huwa ananiandikia kabla sijafungua mdomo. Jina langu Ali, ila ulimi wa Kijapani unalitoa Ari, na ari kwa Kijapani ni sisimizi. Ari-san. Bwana Sisimizi. Nimeshazoea, na ukiniona nikizunguka chini ya matangi yenye kimo cha zaidi ya mita kumi utakubali kwamba hawakukosea.

Tunaagana kwa "go-anzen ni", nenda kwa usalama, tunaingia doria.

Naomba nieleze hapa, kwa sababu nikiwaambia watu nafanya kazi wapi wananitazama kama ninang'aa gizani. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko la ukubwa wa 9.0 lilifuatwa na tsunami iliyofika mtamboni ikiwa na kimo cha mita 15 hivi. Umeme ukapotea, upozaji ukasimama, fueli ya vinu namba 1, 2 na 3 ikayeyuka. Bado imo humo ndani, inakadiriwa tani 880 pamoja na vyuma ilivyoviyeyusha. Kipande cha kwanza kutolewa kilitoka Novemba 2024, na uzito wake haukutimia gramu moja. Mengine piga hesabu mwenyewe.

Fueli hiyo lazima imwagiwe maji ipoe. Mvua nayo inaingia, maji ya ardhini yanapenya kwenye majengo, yote yanatoka na sesiamu na strontiamu zenye mionzi. Mwaka 2014 yalikuwa yanazaliwa maji machafu tani 540 kwa siku. Wakachimba visima vya kuyavuta maji ya ardhini kabla hayajafika, wakafunika ardhi kwa lami, wakajenga ukuta wa barafu chini ya udongo: mabomba yaliyoshuka mita 30, kilomita moja na nusu kuzunguka vinu vinne, yanapitishiwa kimiminika cha chumvi cha nyuzi 30 chini ya sifuri hadi udongo wenyewe ugande. Siku hizi ni chini ya tani 100 kwa siku. Yanachujwa sesiamu, kisha yanapitishwa kwenye mtambo unaoitwa ALPS unaopunguza aina 62 za viini vya mionzi. Tritiamu haichujiki, kwa sababu ni haidrojeni yenye mionzi, imo ndani ya maji yenyewe. Utachujaje maji kutoka kwenye maji?

Basi yanawekwa kwenye matangi. Elfu moja na zaidi. Palikuwa na msitu wa ndege hapa, miti ikakatwa matangi yapate pa kukaa. Na si yote yaliyomo ni sawa: mengi bado hayajafikia kiwango cha kumwagwa baharini na itabidi yachujwe upya. Kazi yangu mimi ni kuyazunguka nikitafuta palipolowa. Ndiyo kazi yenyewe, na siku ikienda vizuri sina cha kuandika kwenye fomu.

Masaa mawili ya kwanza hayana hadithi. Tangi, unanyoosha kidole, unatamka "yoshi!", yaani sawa. Ungio la bomba, yoshi. Vali, imefungwa, yoshi. Ukingo wa zege, mkavu, yoshi. Jua linachomoza saa kumi na moja kasoro upande wa bahari, na kwa dakika kama tano matangi yote ya kijivu yanakuwa rangi ya machungwa. Hilo sijawahi kulichoka.

Yapata saa kumi na mbili nikaliona.

Chini ya bomba lililovishwa koti la kuzuia lisigande wakati wa baridi, zege lilikuwa jeusi. Doa la upana wa sinia ya wali wa watu wanne, na katikati panang'aa. Nikanyoosha kidole nikasema kwa sauti, "Pamelowa!" Mwenzangu, kijana wa miaka ishirini na minne, naye akanyoosha chake. Tukabaki vile, kama watu wawili waliomwona nyoka kila mmoja akitaka mwenzake ndiye aende.

Mtu wa nje atasema ni maji tu, usiku mvua imenyesha. Kweli ilinyesha. Lakini Agosti 2013, kwenye matangi ya zamani yaliyofungwa kwa bolti, doria ilikuta kidimbwi, na kumbe tangi moja lilikuwa limeshavuja tani 300. Ukingo wa zege uliokusudiwa kuyazuia ulikuwa na vali za kutolea maji ya mvua, na vali zilikuwa wazi. Ndipo doria zikaongezwa kutoka mara mbili kwa siku hadi nne, na matangi ya bolti yakaanza kubadilishwa kwa ya kuchomelea. Kwa hiyo hakuna "maji tu" hapa.

Nikampigia Hancho. "Ari-san, usikanyage. Rudi nyuma mita tatu. Piga picha." Nikapiga. "Pande nne." Nikapiga pande nne. "Umeweka rula?" Rula iko kwenye gari. "Picha bila rula si picha." Kijana akatoka mbio, kisha akakumbuka hairuhusiwi kukimbia, akaanza kutembea ule mwendo wa mtu anayekimbia kwa siri. Dakika kumi na tano za rula. Nikapiga pande nne tena, doa na rula, rula na doa.

Doria tunaifanya na nguo za kawaida za kazi, lakini ukishataka kugusa maji yasiyojulikana hadhi inabadilika. Tukarudi kuvaa: ovaroli nyeupe ya karatasi, barakoa ya uso mzima, glavu juu ya glavu, mkanda wa kunatisha kwenye mikono na miguu. Joto la Agosti huku lina unyevu kama wa Tanga mwezi wa Machi, ila Tanga unavaa msuli. Dakika tano baadaye jasho limeshajikusanya kwenye kidevu ndani ya barakoa, na ukiinama linakuja mdomoni. Maji ya kunywa ni marufuku hapo. Na mimi, kwa ujinga wangu, nilikunywa chai vikombe viwili kabla ya kutoka nyumbani.

Kupima ni hivi. Kipimo kina kidirisha chenye kifuniko. Unapima kifuniko kikiwa kimefungwa, unasoma. Unakifungua, unapima palepale, unasoma. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo mionzi ya beta, na strontiamu ikiwepo itajisema hapo. Nikachuchumaa. Kimefungwa: nikasoma. Kimefunguliwa: nikasubiri namba itulie, moyo haukuwa umetulia. Ileile. Nikarudia mara tatu. Ileile.

Mimi nikajua yamekwisha. Hayajaisha. Kuna mtu ofisini ambaye hajawahi kuonja jasho lake mwenyewe, naye anataka kujua maji yametoka wapi. Sampuli ikanyonywa kwenye kichupa, ikapelekwa maabara. Doa likapanguswa kwa karatasi mpaka zege likakauka, na sisi tukaamriwa tuliangalie. Tulikuwa watu saba sasa, tumezunguka zege kavu. Kijana akaninong'oneza ndani ya barakoa, "Ari-san, tunasubiri nini?" Nikamwambia tone. Likaja. Tak. Hancho akaandika saa. Tukasubiri lingine. Yaani sijawahi kulitazama bomba kwa mapenzi kiasi kile. Matone manne kwa dakika kumi. Chumba cha usimamizi kikapiga simu: kina cha maji ndani ya tangi hakijashuka hata milimita. Maabara ikapiga: hakuna kitu. Mafundi wakaja, wakalifungua lile koti la bomba, na maji ya mvua yaliyokuwa yamejibanza kwenye sponji yakamwagika kama mtu aliyekamua dekio.

Mvua. Masaa matatu na robo ya watu saba.

Nisieleweke vibaya, ningelikuta tena kesho ningepiga simu tena. Ninachonung'unikia ni kingine. Kampuni yangu ni ndogo, iko chini ya kampuni, iliyo chini ya kampuni, na kila ngazi inakata chake. Eneo letu lilipotangazwa kuwa salama kwa nguo za kawaida, posho ya hatari ilipungua mwezi uleule. Hatari imepungua, sawa, nakubali, namba ninaziona mwenyewe: leo kifuani kipimo kimesoma mikrosiveti kumi (elfu moja ndiyo milisiveti moja), na kikomo chetu ni milisiveti 50 kwa mwaka na 100 kwa miaka mitano. Lakini tone nililotazama halijui kama nimelipwa posho au la.

Kutoka sikumbuki ilikuwa saa ngapi. Unavua kwa mpangilio, cha nje kwanza, usiguse, tupa, songa mbele. Kisha unaingia kwenye kisanduku kama kibanda cha simu, unaweka mikono kwenye matundu, kinakupima mwili mzima. Mtu wa mbele yangu kililia, akarudishwa kupanguswa. Mimi nilikuwa nimebana miguu, nikiomba dua zote ninazozijua, na si kwa ajili ya mionzi.

Kantini nilikula wali wa kari, nikalala mezani dakika ishirini.

Nyumbani, saa saba na nusu mchana, nikampigia Bi Mkubwa kabla sijasinzia. Kwao ndiyo asubuhi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula? Sasa hayo maji, leo mmemwaga tena?"

Nikamweleza kwa mara ya mia. Kwamba simwagi mimi. Kwamba yalianza kumwagwa tarehe 24 Agosti 2023, saa saba mchana, yakiwa yamechanganywa na maji ya bahari zaidi ya mara mia, kupitia handaki la kilomita moja chini ya bahari. Kwamba kikomo cha tritiamu ni bekereli, yaani kipimo cha mionzi, 1,500 kwa lita, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni 10,000.

"Kama ni masafi, si myanywe? Na kama si masafi, kwa nini mnawamwagia wavuvi?"

Baba yangu alikuwa mvuvi Pangani, kwa hiyo swali hilo mama haliulizi hewani. Ningeweza kumjibu kwa namba, na namba ninaziamini. Lakini jirani yangu hapa Iwaki ni mvuvi, na mwaka 2015 vyama vya wavuvi wa Fukushima viliahidiwa kwa maandishi kwamba maji hayatamwagwa bila wahusika kuelewa. Siku yalipoanza kumwagwa, China ikazuia samaki wote wa Japani. Jirani hakuniambia neno. Alikuwa anakunja nyavu barazani, akaniinamia kichwa kama siku zote, akaendelea kukunja. Ningependa angenigombeza. Hata leo sijui ananionaje, na wiki iliyopita ametuachia samaki bapa mlangoni, amemfunga kwenye gazeti.

"Mama, network inasumbua," nikasema. Ilikuwa haisumbui.

Nikalala mpaka jioni. Niliamshwa na mvua juu ya paa, saa mbili usiku, ile mvua nzito ya Agosti isiyo na upepo. Kesho kila ukingo utakuwa na dimbwi, na kila dimbwi litapimwa kabla ya kutolewa. Kwenye simu kulikuwa na ujumbe wa Hancho kwa kikosi kizima: tunaondoka nusu saa mapema. Chini yake, wa kwangu peke yangu.

"Ari-san, kesho chukua rula."