Nilivyopewa bendera za ofisi nikidhani ni kuvuta kamba tu

Mimi kazi yangu ni masijala, mafaili tu, ila meza yangu iko karibu na mlango na nadhani ndo sababu bosi akanikabidhi bendera za jengo la halmashauri. Milingoti miwili, moja ya taifa nyingine ya halmashauri. Ya taifa inatangulia kupanda na jioni inashuka mwisho, hilo nililijua, mengine yote nimejifunza kwa aibu.

Wiki ya kwanza nikiwa nafunga bendera nikaachia ncha ya juu ya kamba, upepo ukaibeba, upande wa pili ukaivuta kwa uzito wake, hata sijashtuka ncha iko juu kabisa imekwama kwenye kapi, kile kigurudumu kinachopitisha kamba. Siku nzima mlingoti uko uchi, watu wanauliza kuna nini, mpaka fundi akaja na ngazi ndefu. Siku hizi bendera ikiwa haipo ncha mbili nazifunga pamoja, na ikipanda ncha zote ziko kwenye bendera, kamba inakuwa duara haina pa kukimbilia.

Halafu ukaja msiba, tukaambiwa nusu mlingoti. Nikavuta moja kwa moja mpaka katikati, nikafunga nikarudi zangu kwenye mafaili. Mzee mmoja aliyekuja kufuatilia karatasi zake akasimama pale nje akaangalia weee, akaniita. "Mwanangu, hiyo umeipandisha au imekwama?" Nikacheka, yeye hakucheka. Akaniambia kwanza unaipeleka mpaka juu kabisa, inatulia kidogo, ndo unaishusha taratibu, na jioni vilevile, inarudi juu kwanza kisha inashuka moja kwa moja. Tukairudia palepale mimi na yeye, shikamoo nilikuwa nimeisahau nikaitoa hapo hapo. Ya halmashauri nayo tukaishusha, maana haiwezi kubaki juu ikaizidi ya taifa.

Shida ikabaki ishuke hadi wapi. Kila nikishusha inakaa sehemu tofauti, leo theluthi kutoka juu, kesho karibu na kiuno. Kila sehemu ina mwongozo wake kwa hiyo ulizia wa kwenu, ila ukishaujua pima mara moja. Mimi nilifunga uzi mwekundu kwenye kamba, uzi ukifika usawa wa ndoano ya kufungia kamba pale chini basi nasimama.

Kuchanika sasa! Wanasema bendera hufuata upepo, mimi nasema upepo unaila. Inaanzia ule upande wa mbali na mlingoti, nyuzi mbili tatu zinaning'inia, ukizipuuza mwezi huohuo unakuta imepasuka vipande. Sasa nikiona nyuzi tu naishusha, fundi cherehani anakata kidogo anapinda upya na kupitisha mishono minne. Hiyo inafanyika mara mbili hivi, zaidi ya hapo bendera inakuwa fupi inachekesha, omba mpya. Na usije ukaikunja mbichi baada ya mvua, niliwahi kuitoa kabatini ina madoa ya ukungu hayakutoka tena.

Mwezi uliopita nikaenda likizo nikamwachia mlinzi, nimemwelekeza kila kitu, nimerudi nakuta uzi mwekundu haupo. Kaukata, alidhani uchafu. Ikabidi nianze kupima upya.