Kasino ya Sebuleni, Hela Marufuku

Mume wangu alitaka siku yake ya kuzaliwa iwe "na hadhi kidogo". Nikamwambia kasino ataikuta hapahapa Tabata, sebuleni kwake, ila hakuna kuweka shilingi mezani.

Anza na taa. Ile tubu nyeupe ya darini hufanya wageni waonekane kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa, kwa hiyo niliizima, nikaweka taa ndogo kwenye kila meza na pembeni nikaacha giza. Mapazia nikafunga, saa ya ukutani nikaificha, maana kasino nyingi hazina saa wala madirisha. Kwa joto la Dar feni haikwepeki, lakini ielekeze miguuni, la sivyo utashinda unaokota karata chini ya makochi.

Meza ya chakula niliitandika blanketi, juu yake kitambaa cha kijani cha Kariakoo. Blanketi lisikosekane: bila hilo karata zinateleza, na kuziokota mezani ni kazi. Sarafu zetu zilikuwa visoda vilivyopakwa rangi: nyekundu 5, kijani 25, nyeusi 100. Kila mgeni alipokea vya 500 mlangoni. Vitafunwa viwe vya mkono mmoja na visivyo na mafuta. Korosho na bisi zinatosha. Mishikaki ingoje mapumziko.

Lakini yote hayo ni mapambo tu. Usiku unabebwa na mchezeshaji. Wifi yangu alivaa shati jeupe na kizibao, akachezesha ishirini na moja, ule mchezo wa karata wa kukaribia 21 bila kuzidi, bila kucheka: ree ni 1 au 11, ghulamu, malkia na mfalme ni 10, na yeye akiwa na 16 lazima aongeze, akifika 17 anasimama. Ukimbembeleza, anakutazama tu.

Gurudumu la ruleti, mchezo wa kubahatisha namba, sikununua. Nilikata vikaratasi 37, kuanzia 0 hadi 36, nikavitia kwenye sufuria. Nyekundu 18, nyeusi 18, na sifuri ni ya benki, yaani mwenye mchezo. Ukipatia namba unalipwa 35 kwa 1, ingawa namba ziko 37. Shemeji yangu, ambaye mikeka ya mpira haimpiti wikiendi, aliinamia ile sufuria akipiga hesabu kwa vidole, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama kwenye kasino za kweli ni hivyohivyo. Nikamwambia ndiyo.

Zawadi ilikuwa kapu la mchele na mafuta ya kupikia. Amelichukua mama mkwe, na ameshauliza Krismasi tunacheza saa ngapi.