Kutafuta maji kwenye ramani ya zamani ya Laikipia

Ramani za zamani za Laikipia za 1:50,000 huwakosesha watu maji, na mara nyingi kosa si la mchoraji. Zimechorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kutaja mahali kwa namba, ilhali simu yako inatumia mwingine, WGS84. Soma namba za kisima kwenye karatasi, zitie kwenye simu bila kubadilisha mfumo, na utasimama karibu mita 300 kaskazini mwa kisima, mita 90 hivi magharibi. Kwenye kichaka cha migunga hiyo inatosha kukipita usikione.

Ukiiweka karatasi kwenye QGIS (programu ya ramani ya kompyuta), ishikize kwenye makutano ya mistari ya gridi, nane au tisa yaliyotawanyika. Pembe nne hazitoshi, maana karatasi husinyaa. Pima kwanza: kilomita 20 ziwe sentimita 40. Zikipungua milimita 2, umepoteza mita 100. Kusini mwa ikweta chagua mfumo wenye msimbo EPSG:21037, kaskazini 21097; yote miwili ni ya Arc 1960. Ukivuka ikweta kwenda kaskazini, namba ya kaskazini (mita za kuelekea kaskazini) huanguka kutoka 9,999,000 na ushee hadi sifuri. Wengi hudhani wamekosea kuandika. Halafu hakiki kwa picha ya setilaiti, ukitumia mwamba au mito inapokutana. Barabara za ranchi huhama, na maboma ndiyo usiseme.

Sasa maji yenyewe. BH ni kisima kilichochimbwa kwa mtambo, WH ni dimbwi la kunyweshea. Buluu iliyokatika-katika ni laga, mchanga mtupu miezi mingi. Bwawa lililopakwa buluu lilikuwa na maji mwaka wa picha za angani, unaoandikwa pembizoni. Usiuchanganye na mwaka wa uchapaji. Tangu hapo huenda limejaa tope au ukingo umepasuka.

Ukingo huo hutauona kwenye kontua, mistari ya mwinuko. Zikipishana kwa mita 20 (karatasi nyingine ni za futi, soma ufunguo), ukingo wa mita 5 humezwa kati ya mistari miwili, hata korongo la mita 15. Fuata mikunjo ya V: ncha ikielekea upande wa mlimani, hapo maji hupita, hata pasipo buluu.

Tafuta pia palipoandikwa "Dip", yaani josho la mifugo. Josho halijazwi kwa ndoo. Pasipo buluu karibu, kagua ardhini kama kuna masalia ya bomba, uyafuate upande wa juu.