Lupita wa jukwaani

Watu wakisikia Lupita Nyong'o wanawaza Oscar ya 2014 basi, mimi nawaza teata. Dada huyu alizaliwa Mexico 1983, akakulia Kenya, na akiwa na miaka 14 tu alishacheza Juliet wa Romeo and Juliet ya Shakespeare na kundi la maigizo la Phoenix Players pale Nairobi, yaani kabla hata Hollywood haijamjua alishapigwa na taa za jukwaani.

Halafu kuna hii stori naipenda sana. Alipokuwa anasoma uigizaji chuo kikuu cha Yale, Marekani, mwaka 2009 walikuwa wanaigiza Eclipsed, tamthilia ya Danai Gurira kuhusu wanawake kwenye vita vya Liberia, na yeye akawa wa akiba tu, unakariri mistari yote unakaa pembeni ukisubiri mwenzio augue, kazi ngumu hiyo jamani! Sasa baada ya Oscar, mtu angekimbilia filamu za mahela, yeye akarudi kwenye tamthilia ileile, wakaipeleka mpaka Broadway, kwenye majumba makubwa ya teata ya New York, 2016, na akateuliwa kuwania Tony, tuzo kubwa ya teata Marekani.

Black Panther mnaijua, siielezi.

Ila kilichonimaliza ni 2025, Twelfth Night ya Shakespeare pale Central Park, New York. Yeye alikuwa mhusika Viola, na pacha wa Viola, Sebastian, alichezwa na mdogo wake Lupita wa damu, Junior, na wawili hao wakawa wanatia Kiswahili kabisa mle ndani ya mchezo, mbele ya Wamarekani walioingia bure. Kiswahili chetu hichi hichi!